Mkono Mpya wa Mektilda

Mwaka ule soko jipya la Kariakoo lilikuwa limefunguliwa karibuni, na wageni kutoka bara walikuwa bado wanasimama katikati ya barabara kushangaa mapaa yake mpaka wapigiwe honi. Sisi wenyeji tulijifanya tumeshayazoea. Mimi na Mektilda tulipita pale kila asubuhi tukienda kungoja basi la UDA la Barabara ya Pugu, maana wote wawili tulikuwa washonaji katika kiwanda cha mashati, na wote wawili tulichezea timu ya netiboli ya kiwanda hicho. Yeye alikuwa mfungaji. Mimi Sabaha nilicheza kando yake, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumtafutia mpira na kumfikishia.

Mektilda alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye shingo ndefu na vidole virefu zaidi. Wazazi wake walikuwa watu wa Rombo, lakini yeye alizaliwa hapa hapa mjini, Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua nyuma. Mbele ya nyumba baba yake, Mzee Onesphory, alikuwa na duka la vyombo vya chuma: sufuria, karai, koleo, majembe, misumari ya kupimwa kwa ratili. Mama yake aliishi Rombo akiangalia migomba ya ukoo, na wao huku walimwona kila Krismasi.

Ukimwona Mektilda mtaani usingedhani ni mchezaji. Alitembea taratibu kama mtu aliyebeba maji kichwani. Lakini mpeleke chini ya goli umpe mpira. Alisimama, akatulia, ule mkono wake wa kulia ukapinda nyuma na kurudi mbele, basi. Kila kitu kilikuwa kwenye kiganja. Mpira ulitoka pale umelegea, ukapanda, ukashuka ndani ya pete bila kugusa chuma. Mlinzi wa timu nyingine aliwahi kumwambia kocha wetu kwamba kumlinda Mektilda ni sawa na kulinda dirisha lililo wazi.

Baba yake hakuwahi kuja kumwona. Hakumkataza, ila hakupenda. Miaka ile vijana wa chama walikuwa wanawafokea wasichana wenye sketi fupi mitaani, na Mzee Onesphory hakuelewa kwa nini sketi hiyo hiyo iwe halali uwanjani, mbele ya halaiki ya watu. Mektilda akienda mazoezi alivaa kanga juu ya sketi, akaivua akifika uwanja wetu wa Mnazi Mmoja.

Ilikuwa masika, karibu na kuanza Kombe la Viwanda, alipovunjika. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na uwanja wa saruji ulikuwa na madimbwi. Fikirini, kocha wetu, ambaye kiwandani alikuwa fundi wa mashine za kushonea, alituambia tufanye mazoezi mepesi, tusirukeruke. Lakini mtu ukishaingia uwanjani mwili haukumbuki maagizo. Msichana wetu wa kati alirusha mpira mrefu, Mektilda akaruka kuudaka, akaudaka kweli, na alipotua mguu ukateleza. Alikuwa ameukumbatia mpira kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akautanguliza chini kujikinga.

Nilisikia mlio kabla sijaona kitu. Ulikuwa kama mtu amevunja muhogo mkavu.

Hakulia. Alikaa kwenye maji, akauinua mkono, akauangalia. Juu kidogo ya kiganja ulikuwa umepinda kama uma wa kulia chakula, unashuka halafu unapanda tena. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sabaha, chukua mpira, utaloa."

Fikirini alivua shati lake, akalikunja, akamfungia mkono shingoni. Tukasimamisha pikapu iliyobeba vitunguu, dereva akatupeleka hospitali. Huko walimpiga picha, wakamchoma sindano, na daktari akauvuta mkono mpaka ukanyooka. Hapo ndipo alipolia. Kisha wakamfunga hogo, ile plasta nyeupe inayokauka ikawa ngumu kama ukuta, kuanzia kwenye vidole hadi karibu na kiwiko. Daktari alisema mfupa umekaa sawa, utashika, ila mkono usilazimishwe kitu mpaka yeye mwenyewe alifungue.

"Nitacheza tena?" Mektilda akauliza.

"Kwanza uweze kuchana nywele," daktari akajibu. "Halafu tuzungumze habari za kucheza."

Nilimsindikiza nyumbani. Mzee Onesphory alikuwa anafunga duka. Akalitazama hogo, akanitazama mimi, akaendelea kuingiza karai zake ndani moja moja. Alipomaliza ndipo aliposema.

"Watoto wa watu wanakaa dukani na baba zao mwaka mzima. Umewahi kusikia mmoja amevunjika mkono kwa kuuza misumari?"

"Hapana, baba."

"Basi."

Siku zile alikuwa na rafiki yake wa Rombo, Tarsis, aliyekuwa akienda Moshi mara kwa mara kwa shughuli zake. Kabla juma halijaisha Mzee Onesphory alishamweleza Tarsis kwamba safari ijayo atafuatana na Mektilda, akakae na mama yake mpaka apone. Mektilda alimuuliza kama hogo likishatoka atarudi. Baba yake akasema, "Likitoka tutaangalia." Katika nyumba ile kila mtu alijua maana ya tutaangalia.

Aliyeizuia safari hiyo alikuwa Bi Sofia. Huyu alikuwa mpangaji wao, mjane kutoka Kilwa, amekaa chumba cha uani tangu Mektilda akiwa mdogo. Kila alfajiri alikanda unga na kukaanga chapati za kuuza karibu na soko. Alikuwa na midomo mizito ya mtu asiyependa kusema ovyo, kwa hiyo akisema alisikilizwa. Mimi nilikuwepo siku hiyo, nimekuja kumfulia Mektilda nguo, na Bi Sofia alikuwa anachambua mchele. Mzee Onesphory alipita kwenda kuoga.

"Baba Mektilda," Bi Sofia akamwita. "Huyu mtoto unampeleka Rombo kwa ajili ya mkono?"

"Kwa ajili ya mkono, Bi Sofia."

"Na daktari aliyeufunga yuko wapi?"

"Yuko hapa."

"Mimi nilitaka kujua tu. Maana nilifikiri labda unapeleka mkono ukapone. Sasa naona unampeleka yeye, akasahau mpira."

Mzee Onesphory alisimama na kopo lake la maji. Alikuwa mtu wa haki, na watu wa haki wana tabu hiyo, ukiwaonyesha kitu hawawezi kujifanya hawakukiona. Akaingia bafuni. Tarsis akasafiri peke yake.

Miezi ya hogo ilikuwa mirefu. Kiwandani walimtoa Mektilda kwenye cherehani, wakamweka kukagua vifungo, kazi ambayo inafanyika kwa mkono mmoja na inachosha macho. Jioni alikuja uwanjani. Alidhani atakaa kwenye benchi, lakini Fikirini alimwambia, "Umevunjika mkono. Miguu umevunjika lini?" Akamkimbiza kuzunguka Mnazi Mmoja mpaka wauza kahawa wakamzoea, wakawa wanamwita Dada Hogo. Akamchuchumaza na kumwinua, akamchuchumaza na kumwinua, huku ameshika hogo lake kifuani kama mtoto mchanga. Mektilda alikuwa akinilalamikia kwenye basi kwamba Fikirini ana roho mbaya. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika.

Mashindano yalianza bila yeye. Mimi nikawekwa kufunga, nikafunga kwa shida, mpira ukigonga chuma mpaka watazamaji wakawa wanahesabu milio kwa kunidhihaki. Tulivuka hatua ya kwanza kwa sababu kundi letu lilikuwa dhaifu. Mashindano yakasimama kupisha shughuli za taifa, yaendelee mwishoni mwa mwaka. Tukapata nafasi ya kupumua.

Siku ya kufunguliwa hogo alifurahi kama anaenda harusini. Alivaa gauni jipya, akanitaka niende naye, akabeba na mpira ndani ya kikapu. Nesi akalikata hogo. Mkono uliotoka mle haukuwa wake. Ulikuwa mwembamba, umepauka, ngozi inabanduka kama ya mjusi, na ulinuka. Daktari akamwambia ainue kiganja. Akainua, kikasimama njiani. Akamwambia akunje ngumi. Vidole vikakunjana kidogo vikagoma.

Tulipotoka nje alikaa kwenye ngazi akaniomba mpira. Nikamwekea mikononi polepole. Ule wa kulia haukuweza kuubeba. Mpira ukadondoka, ukabingirika hadi kwenye miguu ya watu waliokuwa kwenye foleni ya dawa, mzee mmoja akautuliza kwa bakora yake. Mektilda akajifunika uso na kanga. Nilikaa naye pale mpaka foleni ikaisha.

Mtaalamu wa viungo pale hospitalini alimpa maelekezo. Aloweke mkono kwenye maji ya moto, kisha akamue kitambaa, akande kitu laini, afungue na kufunga vidole hata kama vinauma, asubuhi na jioni bila kuacha. Maumivu ya kunyoosha yasimtishe. Maumivu ya kuchoma ndiyo aache. Mektilda alinirudia maneno hayo njiani kama mtu anayejifunza katekisimu.

Kitu laini cha kukanda kilikuwepo uani kila alfajiri. Bi Sofia alimtengea donge lake la unga kwenye sinia. Siku za mwanzo donge halikusogea. Mektilda alibonyeza, vidole vikaacha alama ndogo ndogo kama nyayo za kuku, mwisho Bi Sofia akalichukua akalikanda yeye. Hakumpa pole. Alimwambia tu, "Kesho nitatia maji zaidi." Baada ya majuma kadhaa alikuwa anatia maji kidogo. Baadaye alipunguza tena, unga ukawa mgumu wa kawaida. Siku moja wateja pale sokoni walikula chapati zilizokandwa na Mektilda tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyegundua. Bi Sofia alirudi na sinia tupu, akaliweka mbele ya Mektilda lionekane.

Mzee Onesphory aliyaona haya yote. Chumba chake kilitazama uani na alikuwa mtu wa kuamka mapema. Kila alipotoka kwenda kanisani asubuhi alimkuta binti yake amepiga magoti mbele ya unga, jasho linamtiririka, meno ameyauma. Alipita. Halafu siku moja nikamwona amekuja uwanjani. Hakukaa. Alimwita Fikirini kando, wakanong'onezana, Fikirini akaonyesha kwa mkono juu, mzee akaitikia kwa kichwa, akaondoka zake. Nilimuuliza Fikirini mzee alikuwa anataka nini.

"Ameniuliza pete inakaa futi ngapi kutoka chini," Fikirini akasema. "Na upana wake."

Jumamosi iliyofuata mafundi chuma wawili kutoka mtaa wa Gerezani walileta nguzo ya bomba la chuma, juu yake wamechomelea pete ya nondo iliyopindwa vizuri kabisa. Wakachimba shimo kwenye kona ya ua, wakasimika, wakamwaga zege. Mzee Onesphory alisimamia kazi yote kama anayejenga ghorofa. Mektilda alitoka chumbani akakuta nguzo imesimama. Akamtazama baba yake.

"Kule kunateleza," Mzee Onesphory akasema. "Hapa ni pakavu." Akarudi dukani kwake, kulikuwa na mteja wa koleo.

Mpira wa kwanza Mektilda aliorusha kwenye pete ile haukufika popote karibu nayo. Uliishia kwenye beseni la unga la Bi Sofia. Wote tukamgeukia Bi Sofia. Aliutoa mpira, akaupangusa unga kwa upindo wa kanga, akamrudishia. "Tena," akasema.

Ikawa ndiyo kazi ya kila jioni. Mkono ulikuwa unapata nguvu, lakini jambo moja lilijulikana mapema: kiganja kilikataa kupinda nyuma kama zamani. Kilifika mahali kikasimama, na daktari alishasema huenda kitabaki hivyo. Ule urushaji wake wa zamani, wa kila kitu kwenye kiganja, haukuwezekana tena. Alijaribu na kujaribu. Mpira ulitoka mfupi, au ulitoka mshazari ukagonga ukuta wa jirani. Jioni moja akaupiga teke kwa hasira, ukapanda juu ya bati.

Fikirini alikuwepo. Alipanda juu ya pipa akauchokoa mpira kwa fimbo, akashuka, akakaa kwenye kigoda.

"Mektilda, ule mkono wa zamani umekwisha. Tuuzike, tutafute mwingine."

"Nitautoa wapi mwingine?"

"Huo huo. Lakini usiuombe kazi usiyoiweza. Nguvu uitoe kwenye magoti. Mimi nilikuchuchumaza kwa nini wakati ule, ulidhani nafurahi tu?"

Akamfundisha upya, kama anayemfundisha mtoto. Akunje magoti kwanza. Nguvu ipande kiunoni, ifike kwenye bega, kiwiko kinyooke kuelekea angani, na vidole viusindikize tu mpira. Kiganja kibaki vile vile kilivyo, kigumu. Mpira ulipanda juu mno, juu kuliko ulivyowahi kupanda zamani, ukaning'inia kule kama umesahau njia, kisha ukashuka wima. Mimi nilisimama chini ya pete nikiokota. Mwanzoni niliokota kila mahali pa ua ule. Polepole nikawa naokota sehemu moja, chini ya pete, bila kusogeza miguu. Siku hiyo nilijua kwamba tumepata mfungaji.

Lakini uani hakuna mlinzi. Tuliporudi Mnazi Mmoja ndipo tukagundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Katika mazoezi ya kwanza msichana mmoja alimkaribia tu, hata hakumgusa, na Mektilda akauachia mpira akauficha mkono nyuma. Ikatokea tena. Mpira ukija juu hakuruka. Miguu yake ilikuwa imegandamana na saruji.

Kwenye basi aliniambia, akitazama nje. "Si kwamba unauma. Nasikia ule mlio, Sabaha. Nikitaka kuruka nausikia."

Nikampelekea Fikirini maneno hayo. Alifikiri siku nzima, mashine tatu zikamngojea. Jumapili baada ya ibada akatuita timu nzima, akatupeleka Feri, kwenye mchanga upande ule wavuvi wanakoanika nyavu.

"Leo hakuna mpira," akasema. "Leo tunajifunza kuanguka."

Tulidhani anatania. Alivua viatu, akakimbia, akajitupa chini, akajikunja, akatua kwa bega, akabingirika, akainuka na mchanga kwenye masikio. Alisema alijifunza jeshini. "Mikono ifuate mwili, isitangulie," akasema. "Mtu akianguka ni kitu kimoja, siyo vipande vipande."

Basi tukaanza kujitupa. Wauza samaki waliacha samaki wao wakaja kutazama. Wasichana wazima, wafanyakazi wa kiwanda, wanajirusha mchangani kama waliopandwa na mashetani. Mama mmoja wa kukaanga samaki alicheka mpaka akakaa chini. Mektilda alisimama pembeni amekumbatia mkono wake. Nikamwona anatutazama mmoja mmoja, na sisi tulivyochakaa kwa mchanga, nywele timtim. Kitu fulani kikamshinda. Akaanza kucheka yeye naye. Halafu, bado anacheka, akakimbia akajitupa.

Alianguka vibaya, ubavu mzima, lakini mkono ulikuwa kifuani salama. Akainuka akautazama. Akarudia. Jua lilipokuwa linaelekea kuinama Fikirini alikuwa anamsukuma kwa nguvu kutoka nyuma bila kumwambia, naye anaanguka, anabingirika, anainuka, anamsukuma Fikirini na yeye. Yule mama wa samaki alitugawia vibua vya kukaanga, akasema hajawahi kupata burudani kama ile tangu siku ya Uhuru. Tuliendelea kwenda kule Jumapili nyingine nyingi.

Mashindano yakaendelea, Mektilda akarudi uwanjani. Mwanzoni Fikirini alimtia dakika chache, kisha robo mbili, na tulipocheza nusu fainali alicheza mchezo wote. Urushaji wake mpya uliwachanganya walinzi. Walikuwa wamejiandaa kwa mpira wa chini ule wa zamani. Huu wa sasa ulipita juu ya mikono yao kama ndege anayekwenda safari nyingine. Tukaingia fainali, kukutana na timu ya kiwanda cha magunia.

Timu hiyo ilikuwa na mlinzi anaitwa Blandina. Huyu alikuwa na mwili wa kubeba magunia hasa, na miguu ya swala. Hakuwa mchafu. Alicheza kwa sheria, lakini kwa sheria hizo hizo ungetoka na manundu. Siku ya fainali Mnazi Mmoja ilijaa. Watu wa soko walifunga mapema, wengine walipanda juu ya miti ili waone. Tulipokuwa tunapasha misuli nilimwona Bi Sofia amekaa kwenye mkeka mstari wa mbele, na nyuma yake, amesimama wima na koti lake la kanisani, Mzee Onesphory. Karibu naye walikuwa wenzake wa Rombo, Tarsis na wengine wenye maduka ya Mtaa wa Sikukuu, wamevaa kama wamekuja msibani. Nadhani hawakujua watu huvaaje kwenye michezo.

Nikamgusa Mektilda. "Baba yako."

"Nimemwona," akasema. Alikuwa anafunga kamba za viatu, na niliona vidole vya mkono wa kulia vinafunga fundo vizuri, bila kusitasita.

Mchezo ulikuwa mgumu. Wao wakifunga, sisi tunasawazisha. Blandina alimganda Mektilda kama kivuli, akiinua mikono mbele ya uso wake, na mara nyingi ilinibidi nizunguke mbali ndipo nimpatie mpira. Lakini akiupata alikuwa anafunga. Magoti, bega, kiwiko, mpira juu kule, watu kimya, halafu kelele. Kufikia robo ya mwisho walikuwa mbele yetu kidogo tu.

Hapo ikaja pasi ndefu kutoka katikati. Niliiona inakuja, nikaitambua, ilikuwa ni pasi ile ile ya masika, ya juu, inayotaka mtu aruke. Mektilda akaruka. Blandina akaruka pia. Wakagongana hewani, na Mektilda, aliye mwepesi, akatupwa kando kwenye saruji.

Nilimsikia Mzee Onesphory akilitaja jina la Bikira Maria. Fikirini alishaanza kukimbia kuingia ndani. Mektilda alitua kwa bega, mpira tumboni, mikono yote miwili imeukumbatia, akabingirika mara moja, akapiga goti, akasimama. Akageuka akanitazama. Bega lilikuwa limechubuka, damu inavuja. Alikuwa anacheka.

Mwamuzi alipuliza filimbi: penalti. Kwa sheria Blandina alitakiwa kusimama kando asimzuie. Akasimama, na kwa heshima akamwambia, "Pole, dada." Mektilda akamjibu, "Asante, nimezoea." Akakunja magoti, akarusha. Tukasawazisha.

Baada ya pale sikumtambua. Aliitaka kila pasi. Aliruka, aligongwa, aliinuka. Mpira mmoja uliopotea aliufuata nje hadi kwenye mkeka wa Bi Sofia, akaanguka juu ya mkeka, akaomba radhi, akarudi. Blandina akaanza kuchoka, na mimi nikapata nafasi za kupita. Filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa mbele, na haikuwa kwa bao moja.

Watu waliingia uwanjani. Wasichana walimbeba Mektilda, Fikirini akabebwa na yeye akapoteza kiatu kimoja. Bi Sofia alifunga kibwebwe akacheza peke yake, bila ngoma, kwa utulivu mkubwa, kisha akakunja mkeka wake. Kombe lilipotolewa, Mektilda alilipokea kwa mkono wa kulia na kuliinua juu ya kichwa, na lilikuwa zito.

Mzee Onesphory alingoja mpaka fujo ikapungua. Akaja, akamshika binti yake kile kifundo cha mkono, akakigeuza huku na huku kama anavyokagua chombo dukani. Hakuona kosa.

"Uliruka ukijua utaanguka?" akamuuliza.

"Nilijua, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akamvalisha koti lake la kanisani juu ya sketi ile fupi. Hakufanya hivyo kumsitiri. Jioni ilikuwa imeanza kupoa na msichana alikuwa na jasho.

Tulirudi kwa miguu kupitia Kariakoo, kundi zima. Kila mwenye duka aliyekuwa bado mlangoni Mzee Onesphory alimsimamisha. Hakusimulia mabao wala kombe, ambalo Fikirini alikuwa amelibeba nyuma yetu. "Mngemwona alivyoanguka," alikuwa anawaambia. "Alianguka, akainuka. Hivi," na akainamisha bega lake la kizee kuwaonyesha, mara ya kwanza, ya pili, mpaka Tarsis akamwomba aache asije akaumia yeye.

Mwaka uliofuata Mektilda alichaguliwa timu ya mkoa. Waliposafiri kwenda kucheza Moshi mama yake alishuka kutoka Rombo na jamaa wa ukoo, wakajaza upande mzima wa uwanja. Alicheza miaka mingi, akaolewa, akazaa, akarudi uwanjani tena, na mwisho akawa mwalimu wa michezo katika shule moja ya msingi Magomeni. Kiganja chake hakijapinda nyuma kama zamani hadi leo. Wasichana wake wa Magomeni wanajulikana mjini kote kwa jambo moja: wote wanarusha mpira juu mno, kwa magoti, na hakuna mlinzi anayejua aufanye nini.